Chungu cha maua mlangoni kwa mavyaa

Swali la msomaji: "Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa Ufaransa na tunaishi Lyon. Mwaka jana, wiki ya mwisho ya Oktoba, tulialikwa chakula cha mchana kwa mavyaa wangu. Nikaona vibaya kwenda mikono mitupu. Dukani kulikuwa na vyungu vya krisanthemumu vimepangwa mpaka nje, vya rangi ya dhahabu na zambarau, nikachagua kikubwa kuliko vyote. Mavyaa alikipokea, akanitazama, akanyamaza, kisha akakiweka nje ya mlango. Chakula tulikula, lakini hali ilikuwa nzito. Njiani ndipo mume wangu aliponiambia kuwa yale ni maua ya makaburini. Mpaka leo nikikumbuka naona haya. Je, kuna orodha ya maana za maua ya kila nchi, niisome nisirudie kosa? Na sisi Waswahili, maua yetu yana maana, au kwetu ua ni ua tu?"

Dada yangu, kwanza nikupe mfano ili uone kilichompita mavyaa wako moyoni. Chukulia uko kwenu Tanga, na mgeni wa mbali, mwenye adabu zake, anakuja kumwamkia mama yako. Anatoa kifurushi kilichofungwa kwa utepe, na ndani mna karafumaiti. Anasema alipita dukani, harufu ikampendeza, akaona huyu mama atafurahi. Mama yako hatamfukuza. Anajua mgeni hana ubaya. Lakini mwili utamsisimka, kwa sababu harufu ile anaijua kutoka mahali pamoja tu, pale maiti anapooshwa na kutayarishwa kwa sanda. Atapokea, atashukuru, kisha atakitafutia kifurushi mahali nje ya chumba. Hivyo ndivyo ulivyopokelewa Lyon. Mama yule hakukuchukia. Alishtuka, na hakujua aseme nini bila kukuumiza.

Mimi nimeshughulika na maua zaidi ya miaka ishirini, kwanza mashambani Naivasha, baadaye dukani Mombasa. Vijana ninaowafundisha kazi huwaambia hivi: maana ya ua haimo ndani ya petali. Maana hulifuata ua kutoka mahali lilipozoeleka kukaa. Ukitaka kujua ua linasema nini katika nchi fulani, uliza watu wa huko hulikuta wapi, mwezi gani, na mkononi mwa nani. Krisanthemumu yako ni mfano mzuri kuliko wote ninaoujua, kwa hiyo niruhusu nikae nayo kidogo.

Krisanthemumu ni mmea unaohesabu usiku. Usiku ukiwa mfupi, unaota majani na kurefuka tu. Usiku ukianza kuwa mrefu kupita kiasi fulani, ndipo unapofunga matumba. Ulaya usiku huanza kurefuka mwishoni mwa Juni, na ua hili likiachwa lenyewe bustanini huchanua Oktoba na Novemba, wakati mawaridi yamekwisha na baridi imeunguza karibu kila kitu kingine. Kalenda ya Kanisa Katoliki nayo imeweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na siku ya kuwaombea marehemu tarehe 2. Basi watu wengi wanataka kwenda makaburini na maua siku zile zile, na bustanini limebaki ua moja lililosimama. Halafu vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Ufaransa ilipoteza askari wapatao milioni 1.4. Vita vilikoma tarehe 11 Novemba 1918, na siku hiyo nayo ikawa ya kuwakumbuka waliokufa. Hesabu mwenyewe: siku tatu za wafu ndani ya siku kumi na moja, zote zimeangukia msimu wa ua hilo hilo. Vizazi viwili vitatu vikipita hivyo, mtoto hahitaji kufundishwa. Anakua akiwa amelibeba ua lile kila mwaka kwenda kwenye kaburi la babu.

Ndiyo maana vyungu ulivyoviona vilikuwa vimejaa mpaka nje. Wewe ulidhani ni msimu wa maua mazuri kwa bei nafuu, kumbe lilikuwa soko la makaburi. Wingi ule, dada yangu, ndio uliokuwa ishara. Hata umbo lina habari yake: chungu kizima chenye kichaka cha mviringo kilichojaa maua juu kama mpira ndicho kinachowekwa juu ya jiwe la kaburi, kwa sababu kinastahimili baridi ya nje. Ungepeleka mwezi Machi shada la mchanganyiko lenye vikonyo viwili vitatu vya krisanthemumu katikati ya maua mengine, huenda pasingekuwa na neno. Kilichokuangusha ni mambo matatu kukutana: ua, chungu na mwezi. Ubelgiji, Italia na Poland ungekutwa na yale yale.

Kwetu huku ua hilo lina habari nyingine kabisa. Naivasha iko karibu na ikweta, usiku ni karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, na kwa krisanthemumu huo ni usiku mrefu. Mche ukiachwa utachanua ungali mfupi, na shina fupi halina soko. Kwa hiyo mkulima huwasha taa katikati ya usiku kwa wiki kadhaa, mmea uone kama bado ni kiangazi cha Ulaya, urefuke. Siku anayozizima, saa ya mmea huanza kuhesabu, na baada ya wiki saba mpaka kumi, kulingana na aina, maua yako tayari kukatwa. Nilipoanza kazi nilizoea kupita usiku kando ya mabanda yale ya plastiki yaking'aa kama mji mdogo. Uganda na Arusha kuna mashamba yanayokata vipandikizi vya mmea huu na kuvisafirisha kwa ndege kwenda Uholanzi, vikakuzwe huko. Huenda kile chungu chako kilianza kama kijiti cha urefu wa kidole, kilichokatwa na dada mwenzako huku nyumbani. Kwake yeye ua lile ni mshahara wa mwezi. Na ndugu yake wa ukoo mmoja ni pareto, ua jeupe lenye moyo wa njano linalolimwa Kinangop ya Kenya, Mufindi ya Tanzania na Musanze ya Rwanda, ambalo hukaushwa likatolewa dawa ya kuua wadudu. Muulize mkulima wa Mufindi pareto ina maana gani, atakujibu ada ya shule.

Sasa ipeleke krisanthemumu Australia. Huko majira yamepinduka: usiku huanza kurefuka mwishoni mwa Desemba, na ua huchanua Aprili na Mei. Siku ya Mama kwao ni Jumapili ya pili ya Mei. Basi krisanthemumu, hasa nyeupe, ndilo ua la kumpa mama, na jina lake la mkato la Kiingereza, "mum", linafanana na neno ambalo watoto wa huko humwitia mama, jambo likazidi kunoga. Mmea ni ule ule, na saa yake ya ndani inahesabu usiku vile vile. Kilichobadilika ni upande wa dunia tu. Mavyaa wako angekuwa mzaliwa wa Melbourne, na ungeenda mwezi wa Mei, angekukumbatia.

Japani mambo yana tabaka zaidi. Nembo ya ukoo wa mfalme ni krisanthemumu yenye petali kumi na sita, nayo imepigwa hata kwenye jalada la pasipoti, na kiti cha enzi chenyewe huitwa kwa jina la ua hilo. Wakati huo huo, krisanthemumu nyeupe na za njano ndizo zinazopangwa kuizunguka picha ya marehemu siku ya mazishi. Mjapani hachanganyikiwi hata kidogo, kwa sababu anasoma rangi, idadi na mahali, kama wewe unavyojua kanga ya kujifunga jikoni na ya kupeleka msibani bila kuambiwa na mtu. China nako, siku ya tisa ya mwezi wa tisa kwa kalenda yao ya kale ni sikukuu ambayo watu hutazama krisanthemumu na kunywa kinywaji chake, wakitakiana umri mrefu. Mshairi wao Tao Yuanming, aliyefariki mwaka 427, aliacha kazi ya serikali akarudi shambani, na katika shairi lake linalojulikana kuliko mengine anachuma krisanthemumu penye ua wa mashariki wa nyumba yake. (Kiswahili kimetupa neno moja kwa maua na kwa uzio wa nyumba, na hapo limetua pazuri.) Tangu zamani hizo Wachina wanaliona ua hili kama mtu asiyeinama: wengine wote wamepukutika, yeye ndiyo kwanza anachanua kwenye baridi.

Mfaransa na Mchina wameona jambo moja, ua linalokuja wakati baridi inaingia. Mmoja akasema hili ni la kuwapelekea waliolala. Mwingine akasema hili ni la mzee mwenye nguvu zake. Hata hao Wachina, ukiwapelekea nyeupe tupu, umewapelekea za mazishi.

Ndiyo maana swali lako la orodha nalijibu kwa tahadhari. Orodha zipo, tena nyingi, na nyingi kati ya hizo zina mzizi mmoja. Mwaka 1819 ilichapwa Paris kamusi ya lugha ya maua, mwandishi wake akijiita Charlotte de Latour, ikapendwa, ikatafsiriwa, ikaigwa Uingereza na Marekani kwa karne nzima. Nyuma yake kulikuwa na barua za Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza, aliyeandika kutoka Istanbul mwaka 1718 kwamba wanawake wa huko wanaweza kupelekeana ujumbe wa mapenzi kwa maua, matunda na vitu vidogo bila kuandika herufi. Alichokieleza kilikuwa mchezo wa vina: kitu kinatumwa, jina lake lina kina na mstari fulani wa mapenzi, na anayepokea anaukumbuka mstari. Sisi watu wa mafumbo na misemo ya kanga tungelielewa jambo hilo mara moja. Lakini lilipofika Ulaya, vina vikaachwa njiani, ua likabaki na maana iliyogandishwa kwenye ukurasa: waridi la njano ni wivu, hili ni majivuno, lile ni majuto. Vitabu vyenyewe havikukubaliana. Leo ukimpa Mfaransa au Mwingereza waridi la njano, hafungui kamusi. Anaangalia wewe ni nani kwake na siku yenyewe ni siku gani. Kwa hiyo usitoe pesa yako kununua orodha.

Kinachofaa kujua ni historia, kwa sababu historia ndiyo inayokwaruza. Chukua popi, ua jekundu ambalo Waingereza hulibandika kifuani kila Novemba. Mbegu zake hulala ardhini miaka mingi, na zinaota udongo ukifukuliwa. Mizinga na mahandaki ya vita vya mwaka 1914 hadi 1918 viliufukua udongo wa Flanders, huko Ubelgiji, kuliko plau yoyote, na popi zikaota kati ya makaburi. Ua likawa la askari waliokufa, na huku kwetu huwekwa kwenye makaburi ya vita kama yale ya Taveta. Lakini Novemba 2010 waziri mkuu David Cameron alipokwenda Beijing, wenyeji waliomba yeye na ujumbe wake wavue popi zao, kwa sababu kwa Mchina ua hilo linakumbusha afyuni, ulevi unaotolewa kwenye popi ya aina nyingine, na vita vya afyuni ambavyo Uingereza iliipiga China karne ya 19. Waingereza wakakataa kuvua. Kila upande ulikuwa unaheshimu wafu wake, na ua lilikuwa moja.

Au chukua karnesheni nyekundu. Lisbon, mji mkuu wa Ureno, tarehe 25 Aprili 1974, wananchi waliwapa askari walioupindua udikteta karnesheni, nao wakazichomeka kwenye midomo ya bunduki. Mapinduzi yale yalimaliza vita vya kikoloni vya Ureno barani Afrika, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Frelimo, chama kilichopigania uhuru huo na kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ikarudi kwao kuunda serikali. Mreno wa umri fulani akiiona karnesheni nyekundu, moyo wake unakwenda huko. Ufaransa, kwa waigizaji wa jukwaani, karnesheni ni nuksi, usimpelekee mwigizaji. Na ukienda Poland, Ukraine au Urusi, hesabu vikonyo kabla ya kulipa: walio hai hupewa idadi witiri, tatu, tano, saba, na idadi shufwa ni ya marehemu.

Sasa nije kwetu, kwa sababu swali lako la pili ndilo lililonigusa zaidi. Umeuliza kama kwetu ua ni ua tu. Dada yangu, wewe mtu wa Tanga unauliza hivyo? Nadhani unajua, ila hukuwahi kuona kuwa ni elimu.

Niliporudi likizo ya kwanza kutoka Naivasha nilimletea bibi yangu shada la mawaridi, marefu, mekundu, ya kuuzwa nje. Alilivuta puani, akavuta tena, akanirudishia. "Hili halisemi," akasema. Mawaridi ya kusafirishwa yamechaguliwa kwa kukaa siku nyingi kwenye maji, na katika uchaguzi huo harufu imepotea. Kwa bibi, ua lisilonukia ni sawa na bubu. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa Mzungu anasoma ua kwa macho, sisi watu wa pwani tunalisoma kwa pua. Maana zetu zimo kwenye harufu, na kwenye saa.

Yasmini ndiyo ya kwanza. Matumba yake huchumwa alasiri yakiwa bado yamefumba, na hufunguka usiku. Kwa hiyo ni ua la usiku, la chumbani, la mke na mume. Hutungwa uzi likawa koja, hufungwa kwenye nywele, hutandazwa kitandani kwa bibi harusi. Kikuba nacho, kile kifungu kidogo cha yasmini, rihani, mkadi na vinukiavyo vingine kinachobanwa kifuani au nyweleni, kwa desturi niliyolelewa nayo ni pambo la mwanamke aliyeolewa. Mwanamwali hakuvaa hivi hivi tu. Mama zetu walipomwona mke wa mtu jioni amechomeka kikuba, walijua mumewe amerudi safari, wala hakuna aliyeuliza. Huo ni ujumbe kamili, umeandikwa kwa ua, umesomwa na mtaa mzima.

Na ukitaka kuona jinsi ujumbe huo ulivyo na nguvu, tazama wakati unapokatwa. Mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaa eda miezi minne na siku kumi, na katika muda huo hajitii manukato wala hajipambi. Yasmini uani inaendelea kuchanua, lakini yeye haichumi. Mfaransa huonyesha msiba kwa kupeleka ua, sisi huonyesha kwa kuliacha juu ya mti. Nimeyatafakari haya mara nyingi nikifunga mashada ya wateja wangu, na kila mara naona desturi yetu hii ina uzito usiopungua wa zile za Ulaya na Asia zinazoandikwa vitabuni.

Waridi letu la zamani lilikuwa la marashi. Oman, kwenye milima ya Jabal al Akhdar, wakulima huchuma mawaridi majira ya machipuko na kuyachemsha kutoa maji yake, na ndugu zetu walioko Muscat wanayajua vizuri maji hayo kwenye halua na kahawa. Huku kwetu hutiwa kwenye mrashi na kunyunyiziwa wageni harusini na kwenye maulidi. Kwa hiyo waridi lilikuwa la kumkaribisha mgeni, kabla halijafundishwa kuwa la wapenzi tarehe 14 Februari. Rihani inavuka pande zote mbili: imo kwenye kikuba cha bibi harusi, na makaburini nimeuona mrehani umepandwa kichwani pa marehemu. Karafuu ya Pemba na Unguja nayo ni tumba la ua lililochumwa kabla halijafunguka. Tunaitia kwenye pilau bila kukumbuka kwamba ni ua.

Bara kuna desturi nyingine. Mashada yenye riboni, yanayowekwa kaburini familia zikiitwa moja moja kwa majina, yalikuja na makanisa na ukoloni, na sasa ni yetu. Nadhani ndiyo sababu ule msemo wa vijana, "mpe maua yake", ulishika haraka hivyo Dar na Nairobi ingawa umetoka Marekani. Watu wamechoka kuona maua mengi kuliko yote yakimfikia mtu akiwa hasikii tena. Na Kilimanjaro Wachaga wana sale. Si ua, ni jani tu, refu na la kijani, lakini aliyemkosea mwenzake akimpelekea sale kuomba suluhu, aliyekosewa hupata shida sana kukataa. Ningetamani Lyon wangekuwa na jani kama hilo, ungempelekea mavyaa wako na mambo yakaisha.

Lakini kuna njia. Kwanza, usiogope maua. Mama yule akikuona tena hujaleta ua lolote atajua bado unaumia. Tarehe 1 Mei Wafaransa hupeana kikonyo cha ua wanaloliita muguet, viua vidogo vyeupe kama kengele, kwa kutakiana heri. Siku hiyo huuzwa kila kona ya barabara. Mpelekee kimoja, hakiwezi kukosea. Siku ya Mama kwao kwa kawaida ni Jumapili ya mwisho ya Mei, wakati pioni ziko kwenye msimu: nono, zenye harufu, hata bibi yangu angezikubali. Mawaridi mekundu mwachie mumeo akuletee wewe. Na popote utakapokwenda, ingia kwenye duka la maua badala ya duka kubwa la vyakula, mwambie muuzaji unakwenda kwa nani na kwa sababu gani. Sisi wauza maua tunapenda kuulizwa hivyo. Mteja anayesema "nampelekea mavyaa, nataka afurahi" hafungiwi maua ya kaburini popote duniani.

Pili, na hili ndilo ninalokuomba ulifanye. Oktoba ikifika mwambie mumeo akuambie baba yake, au bibi yake, au yeyote wanayemzuru, amelala makaburi gani. Kisha mpigie mavyaa mwenyewe, umuulize kama tarehe 1 Novemba unaweza kufuatana naye. Nunua chungu kile kile, cha dhahabu au cha zambarau, kikubwa kuliko vyote kama ulivyochagua mwanzo. Ukibebe wewe, maana ni kizito, na yeye atakuonyesha njia ya kaburini na mahali pa kukiweka.